Mlango Usio na Jirani

Niazimeni masikio yenu, nami nitawaachia mzigo wa hukumu.

Palikuwa na watu watatu, na kila mmoja Mola alimjaalia lake. Bi Tima, muuza ubani, alijaaliwa subira. Fundi Shali alijaaliwa mikono. Maalim Athumani alijaaliwa sauti.

Katika mji wao wa kale kulikuwa na kichochoro cha maduka kumi na moja, yote wakfu wa mwanamke aliyefariki zamani, na kodi yake hulisha mayatima wa chuo. Soko lilipohamia barabara mpya, milango kumi ikafungwa. Ukabaki mmoja, wa Bi Tima.

Kila asubuhi alifungua, akafukiza ubani, akaisalimu milango iliyofungwa kwa majina ya waliokuwa wenyewe. "Sabahalheri, Bwana Famau. Umeamkaje, Bi Esha?" Siku nyingine hata paka hakupita. Bwana Aboud, msimamizi wa wakfu, kila alipokuja kupima kodi alikuna kichwa. Sheria yasema wakfu ukodishwe kwa kodi ya mithili, yaani ile inayolipiwa mali iliyo mfano wake.

"Mlango wako hauna jirani, Bi Tima. Nitaupima kwa nini?"

Akaiacha kodi palepale, shilingi elfu mbili kwa mwezi, kwa miaka tisa.

Mwaka wa saba Fundi Shali alipita njia ya juu, akauona moshi wa ubani, akajua kwamba kichochoro hakijafa. Boriti za mapaa yale aliziweka marehemu baba yake. Akaleta ngazi, akazibadilisha moja baada ya nyingine, peke yake, bila ujira, akizungumza na nyundo yake.

Mapaa yaliposimama, Maalim Athumani akahamishia darasa lake barazani pale. Juma la kwanza hakuja mtu, akaufasiria Kitabu mkeka mtupu. Sauti ikavuka kuta. Akaja mmoja, akamleta mwenziwe. Walipokaa wanafunzi akafuata muuza kahawa, na baada ya kahawa, mshona kanzu. Mwaka wa tisa ulipokwisha, milango yote kumi na moja ilikuwa wazi.

Bwana Aboud akarudi, na safari hii hakukuna kichwa.

"Majirani zako wanalipa elfu kumi. Sasa mithili yako inajulikana."

Bi Tima akaitazama njia. "Miaka tisa nilimwomba Mungu majirani," akasema. "Amenipa."

Elfu kumi hakuwa nazo.

Hati ya wakfu ina sharti moja: mlango mmoja, usizidi, waweza kuachwa kwa kodi ya zamani kwa yule aliyehuisha kilichokufa. Milango kumi ilikwisha kufungiwa mikataba. Uliobaki ni huo wa Bi Tima, na wote watatu wakauomba.

"Mtu hukaa chini ya paa, Bi Tima, hakai chini ya subira," alisema Fundi Shali, ambaye hukereza mbao juani kwa kukosa karakana.

"Na paa lisilo na watu ni nyumba ya popo, fundi wangu," alijibu Maalim, ambaye wanafunzi wake hunyeshewa kila masika.

"Mngejuaje pa kuegemeza ngazi na pa kutandika mkeka," akauliza Bi Tima, "lau nisingefukiza?"

Bwana Aboud akainamisha kichwa. "Nikimpa mmoja, wawili watanung'unika kwa haki. Na nisipompa yeyote, elfu nane za ziada kila mwezi zitaingia katika sahani za mayatima. Nipeni hadi Ijumaa."

Alhamisi asubuhi Bi Tima alifungua, akawasalimu majirani zake walio hai. Mshona kanzu alikuwa akimpima mteja, na muuza kahawa akihesabu vikombe. Hakuna aliyemsikia. Akafukiza ubani, akaketi peke yake, kama alivyozoea.

Kesho ni Ijumaa, enyi wasikilizaji, na hati i mikononi mwenu. Je, wewe ungempa nani mlango ule?