Kamba ya Sungura na Ngoma ya Nungunungu

Mwaka ambao hata vyura walisahau kuogelea, msituni kilibaki kisima kimoja tu. Simba akaamuru wanyama wateke kwa zamu, zamu ziitwe kwa ngoma, na atakayeitengeneza ngoma hiyo ateke wa kwanza, kabla maji hayajawa tope.

Kazi akapewa Nungunungu, mama wa watoto wanne ambao midomo ilishawapasuka kwa kiu. Huyu mama alianza kuwamba ngoma tangu ujana wake. Ngozi aliitoboa kwa miiba yake mwenyewe, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama magome.

Siku ya kuijaribu akapita Sungura. Sungura hakuwahi kuwamba hata kifuniko cha chungu, ila zamu ya kwanza aliimezea mate. Akainamisha sikio, akaguna.

"Ngozi si neno, Mama Nungu. Mlio unapita kwenye kamba, na hii yako ni ya kufungia kuni."

"Umeshawamba ngoma ngapi, baba?"

"Mikono ni yako, mama. Mie Mungu kanipa masikio, au huyaoni?"

Akaleta kamba yake, iliyonona kwa shahamu, akadai aliisokota mwezi ulipoandama. Wakaifunga, ngoma ikapigwa wanyama wakisikiliza, ikalia vile vile. Lakini Sungura alishasema kwamba asiyesikia tofauti ana masikio ya mbao, basi nani angejitia aibu? Twiga akaisikia. Ngiri akaisikia mara mbili. Fisi akasema mlio una mafuta. Simba hakusikia kitu, akatikisa manyoya na kusema yeye ndiye aliyeisikia kwanza. Akaamuru kesho Sungura aithibitishe kamba yake mbele ya wote, zamu ya kwanza iwe yake.

Alfajiri Nungunungu akakuta ngoma imelegea, kamba haipo, na Fisi kajilaza pembeni akichokoa nyuzi menoni. Mama wa watu hakumwambia mtu. Akasimamisha mkeka, akaingia nyuma yake na ngoma na mtungi wake mtupu. Wanyama walipokusanyika akasema mwenye masikio hahitaji macho. Sungura angekataaje?

Nungunungu akaupiga mtungi makalioni.

Sungura akafumba macho. "Hiyo ndiyo kamba yangu. Sikieni inavyopumua."

"Inapumua," akaitikia Simba.

Mkeka ukaangushwa.

"Kamba yako, baba, imo tumboni mwa Fisi tangu alfajiri," akasema Nungunungu. "Unachokisifu ni mtungi wangu, nao hauna kitu."

Fisi akapiga mbweu, ushahidi ukatosha.

Simba akasema yeye alijua tangu jana. Akaamuru Sungura asiguse maji mpaka aiwambe ngoma kwa mikono yake. Zamu za siku ile akaziita mwenyewe kwa kunguruma. Nungunungu akawa wa kwanza, akaujaza mtungi ule ule, akaenda kwa wanawe. Jua linatua, Sungura, vidole vimemvimba, bado anauliza wapita njia kamba inaanzia wapi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.