Somo la Kufukia

Enzi ambazo wanyama walisoma kuliko sisi, mvua iligoma misimu miwili mfululizo. Likabaki bwawa moja la tope. Tegemeo likawa visima, na visima vilitaka wachimbaji kutoka chuo cha Tembo, ng'ambo ya kilima.

Wanafunzi wa chuo hicho walitoka shule aliyofundisha Fisi, na Fisi mnamjua, tumbo lake halijawahi kusema basi. Aliwafundisha watoto kuchimba shimo la kina cha mkono mmoja. Humo alitumbukiza furushi la majani, akisema ni dawa ya ardhi, nao wakalifukia na kusawazisha hadi pasijulikane palichimbwa. Aliyefukia vizuri alipata alama zote. Simba, mwenye shule, alikuja kila mwisho wa mwaka kupigiwa makofi, kwa kuwa hakuna aliyefeli.

Kule chuoni, Tembo aliwaambia wachimbe kisima. Wakachimba mkono mmoja, wakafukia, wakasimama kungoja sifa. Akawarudisha wote shuleni kwao. Mmoja wao, Pimbi, hiyo ilikuwa mara yake ya pili kurudishwa, akalia njia nzima, maana mama yake alikuwa mgonjwa na maji ya tope ndiyo yaliyokuwa yanammaliza.

Njiani alimsimulia Sungura. Sungura alicheka kwanza, ndivyo alivyo, kisha akauliza kama Fisi na Tembo waliwahi kukaa pamoja wakakubaliana mtoto anatakiwa kujua nini. Pimbi akasema hawajawahi hata kusalimiana.

Sungura akaenda moja kwa moja kwa Simba. Akamsifia manyoya, akamsifia shule, halafu akasema shule nzuri namna ile ingependeza zaidi Tembo akija kufundisha somo moja mbele ya wazazi. Simba akavimba kichwa, akakubali. Fisi ndiye aliyeanza kutokwa jasho.

"Mzee, uwanja umechoka," alisema siku ilipofika. "Twende tukachimbe kwingine."

"Uwanja wangu hauchoki," alijibu Simba.

Tembo akawataka watoto wachimbe palepale walipozoea, ila wasiache mpaka awaambie. Pimbi hakufika mbali, jembe likaibua furushi, na ndani yake muhogo. Mwenzake akaibua mbaazi, mwingine mbavu zilizokaushwa. Kilikuwa chakula cha mchana cha wanafunzi, kile ambacho wazazi walileta kila wiki na Fisi akadai kimeliwa na mchwa. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wanafundishwa kumfichia mwalimu chakula. Wazazi walipandwa na hasira, na Simba alipokumbuka yale makofi aliona aibu kweli.

Tangu siku hiyo Tembo alishuka kilimani kila wiki. Alikaa na walimu wapya wakapanga masomo pamoja, hata mdogo kabisa akajua kupasua mwamba. Mwaka uliofuata Pimbi aliingia chuoni na hakurudishwa. Kisima chake cha kwanza alikichimba mlangoni kwa mama yake, na mama akanywa maji safi, akapona.

Fisi naye Simba alimpeleka darasa la kwanza, akajifunze upya. Siku moja Pimbi alikuja kusimamia. Fisi akachimba mkono mmoja, akafuta jasho, akaanza kufukia.

"Bado, Mwalimu," Pimbi alimwambia kwa adabu zote. "Tunachimba mpaka maji."