Kiboko Aliyepanda Mlima Mwamkwezi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na mlima!"

"Tuupande!"

"Mwenye pumzi?"

"Atangulie!"

"Asiye na pumzi?"

"Abebwe!"

"Na mimi je?"

"Wewe utubebe!"

Haya, nimewabeba. Somoe, mwanangu, sogea mbele, usinilalie mkekani kabla hatujafika hata bondeni. Na wewe Mshamu, hilo hindi litafune kimya kimya. Leo tunapanda.

Hapo kale, milima ilipokuwa bado mipya, palikuwa na mlima ukiitwa Mwamkwezi. Mguu wake mmoja ulikanyaga nchi kavu, mguu wa pili ulikanyaga baharini. Upande wa bahari miamba ilishuka wima, na mawimbi yaliipiga usiku na mchana: pwaa! pwaa! Upande wa bara ulikuwa msitu, na ndani ya msitu, chini kidogo ya kilele, palikuwa na chemchemi. Si kubwa. Ukitandaza kanga mbili, umeifunika. Lakini maji yake yalikuwa baridi na matamu, na wanyama wote wa mlimani walikunywa hapo kwa zamu: chururu, chururu, mmoja akatoka, mwingine akaingia.

Kando ya chemchemi hiyo aliishi Sange. Sange mnamjua? Ni kanyama kadogo kama panya, miguu kama njiti, pua ndefu inayochezacheza kama mkonga wa ndovu aliyesahauliwa kukuzwa. Kazi ya Sange ni njia. Kila kukicha huondoa jani hili, hutupa kijiti kile, mpaka njia inang'aa. Na akifagia huimba:

*Cha-cha, nafagia,*
*njia iwe njia,*
*mwenye haraka apite,*
*mwenye macho hutulia.*

Chini kabisa, pale mto unapoingia baharini, aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa na dimbwi, alikuwa na majani, alikuwa na kivuli. Lakini kila bahari ilipojaa, maji ya dimbwi yaliingia chumvi. Siku moja akanywa, akatema: ptuu!

"Maji matamu yanatoka wapi?" akauliza.

"Juu, mlimani," wakamwambia.

"Basi nayataka huko huko yanakotoka. Nayataka yote."

Sasa sikilizeni. Katika nchi ile palikuwa na desturi. Mgeni akipanda Mwamkwezi kwa miguu yake mwenyewe, akasimama kwenye Jiwe la Juu, basi kila atakachokiona akiwa pale ni chake. Ila hupanda mara moja tu maishani. Shahidi humuuliza mara tatu anaona nini, kisha shauri limefungwa. Na shahidi alikuwa Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko maneno yake.

Na desturi ilikuwa na mkia wake. Mgeni hupewa kiongozi wa njia, na kiongozi hamkatai mgeni, hampotezi, wala hamdanganyi.

Kiongozi ni nani? Ni nani anayezijua njia zote?

"Sange!"

Ndiye. Habari zilipofika mlimani kwamba Kiboko anakuja kesho, wanyama walikusanyika kwenye chemchemi, kila mmoja akiyatazama maji kama mtu anayemtazama ndugu anayesafiri.

"Kutoka Jiwe la Juu, chemchemi inaonekana yote," alisema Pimbi. "Akiiona tu, imekwenda. Ataingia ndani aoge."

"Akiingia yeye, yatabaki maji?" aliuliza Digidigi.

"Atabaki Kiboko," alisema Pimbi.

Nyani akaruka. "Mpoteze, Sange! Mpitishe kwenye miamba, ateleze, pwaa! Tumemaliza."

"Siwezi. Kiongozi hampotezi mgeni."

"Basi mdanganye!"

"Siwezi. Kiongozi hamdanganyi mgeni."

"Sasa utafanya nini, we kipua?"

Sange aliigeuza pua yake upande wa bahari. Ikacheza kushoto, ikacheza kulia. Upepo ulinukia chumvi na unyevu.

"Nitamwambia ukweli," alisema, "na nitamharakisha."

"Umharakishe!" wanyama wakalia wote kwa pamoja. Nyani akajifunika uso kwa mikono yake miwili. Usiku ule hakuna aliyekunywa kwa zamu. Kila mmoja alikunywa kama anayeaga.

Asubuhi Kiboko akafika. Di! Di! Di! Ardhi ilitikisika, matunda yakadondoka.

"Kiongozi yuko wapi?"

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Ni mimi."

Kiboko akatazama kushoto, akatazama kulia, mwishowe akatazama chini. "Wewe? Mimi nilidhani ni kijiti."

"Ndiyo mimi, bwana. Sikiliza, nikueleze mapema. Siku hizi, jua likishapinda, ukungu hupanda kutoka baharini. Tukienda moja kwa moja tutafika juu mchana kweupe, utaona kila kitu. Basi twende upesi, tusisimame."

Kiboko akatazama mbingu. Hapakuwa na wingu hata la kufutia kamasi. Akacheka, tumbo likacheka naye. "Ukungu kwenye jua hili? Haya, tangulia."

Wakapanda. Sange mbele: cha-cha-cha. Kiboko nyuma: di! di! di! Jasho likamtoka, pumzi ikampaa: fuuu! fuuu! Njia ilipinda kama utumbo, mara mizizi, mara mawe, mara ngazi ya mwamba iliyokwenda juu tu. Lakini Kiboko ana nguvu, jamani. Alipanda.

Wakafika begani mwa mlima.

"Twende upesi, bwana," alisema Sange. "Wala usitazame kushoto, tutachelewa."

Kiboko akasimama. "Kushoto kuna nini?"

"Kuna uzuri tu."

"Uzuri wa nani?"

"Wa anayetazama."

Kiboko akajisemea moyoni: Kipua hiki kinaniharakisha. Kuna jambo kinanificha. Akageuka kushoto.

Ee bwana! Chini kule, bahari ilikuwa imeutoboa mwamba ukawa mlango, na mawimbi yalikuwa yakiingia kwa mlango huo kama wageni wa harusi: pwaa, karibu! pwaa, karibu! Kila wimbi lilitoka upande wa pili limevaa nyeupe. Kiboko akaketi. Akatazama wimbi moja. Akatazama na la pili, lisije likawa zuri zaidi. Akatazama na la tatu, asije akapunjwa.

"Bwana, twende!"

"Nyamaza! Sijamaliza yangu."

Jua likasogea. Ndipo wakapanda tena, cha-cha-cha, di! di! di!, mpaka kwenye ukingo wa majabali, mahali ambapo mishubiri huchanua maua mekundu.

"Twende upesi, bwana. Wala usitazame kulia, tutachelewa."

"Kulia kuna nini?"

"Kuna uzuri tu."

"Uzuri wa nani?"

"Wa anayetazama."

Kiboko akageuka kulia. Maporomoko ya maji! Yalijitupa kutoka kwenye jabali, yakaanguka, yakaanguka, mpaka yakasahau kwamba ni maji yakawa moshi, na ndani ya moshi ule umekaa upinde wa mvua. Kiboko hakuwahi kuona upinde wa mvua kutoka juu. Akaketi. Akang'oa majani ya ukingoni, akatafuna huku anatazama, tafu, tafu, tafu. Akamaliza yaliyokuwa karibu, akasogea, akamaliza na yaliyokuwa mbali.

"Bwana, jua linapinda. Ukungu utapanda, nakwambia kweli."

"Unaogopa nisione vyote, eh? Nakujua wewe!"

Sange akafagia jani moja ambalo halikuwepo.

Wakapanda tena. Sasa Kiboko alipanda kwa magoti, fuuu, fuuu, mpaka mgongoni mwa mlima, penye nyasi fupi na upepo. Kutoka pale kilele kilikuwa karibu kabisa. Mtu angeweza kukirushia jiwe.

Hapo roho ya Sange ilikuwa mkononi. Jua bado lilikuwa linawaka. Akainua pua. Chumvi ilikuwa imekaribia, lakini haijafika.

"Bwana Kiboko," alisema, "kilele kile pale. Twende upesi. Wala usitazame nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

"Kuna kwenu."

Kiboko akageuka. Kweli, mto ulikuwa umelala chini kule kama uzi wa fedha, na mwisho wa uzi lilikuwa dimbwi lake, dogo kama kifuniko cha chungu. Na katikati ya dimbwi, nini kile? Doa jeusi. Doa limejinyoosha.

"Yule... yule si shemeji yangu?"

"Macho yangu ni ya karibu, bwana, sijui."

"Ni shemeji! Amelala mahali pangu! Penye matope laini!" Kiboko akasimama kwa miguu yake yote minne. "Wee shemejii! Toka hapo! Nakuona!"

Shemeji hakusikia. Angesikiaje? Ni mbali kule.

"Shemejiii! Ukitoka nitakusamehe! Usipotoka nitakula majani yako!"

Shemeji akageuka ubavu.

"Ananifanyia makusudi! Umeona, Sange? Ameona namwita, ndiyo maana amegeuka!"

"Bwana, twende."

"Siondoki hapa mpaka atoke!"

Akaita mpaka sauti ikapasuka. Akatukana ukoo wote wa shemeji, akasahau kwamba dada yake kaolewa humo. Na wakati anaita hivyo, kitu cheupe kilikuwa kinapanda miamba upande wa bahari, polepole, bila kelele, kama paka anayeingia jikoni. Kikaumeza mlango wa mawimbi. Kikayameza maporomoko. Kikaumeza mto, na dimbwi, na shemeji.

"Eh! Ameondoka!" alisema Kiboko kwa furaha. "Ameniogopa. Haya, twende juu."

Wakapanda hatua za mwisho, na ukungu ukapanda pamoja nao. Walipofika kwenye Jiwe la Juu palikuwa peupe tupu. Juu peupe, chini peupe. Kiboko hakuiona hata miguu yake ya nyuma.

Kutoka mahali fulani ilikuja sauti ya Hondohondo: "Ngwaa! Mgeni, umefika kwa miguu yako. Mara ya kwanza: unaona nini?"

Kiboko akakodoa macho. "Naona... ukungu."

"Ukungu ni wako! Mara ya pili: unaona nini?"

Kiboko akatazama chini. "Naona tumbo langu."

"Tumbo ni lako, na lilikuwa lako tangu zamani. Mara ya tatu..."

"Ngoja!" Kiboko akapata wazo. "Sange yuko wapi? Nikimwona Sange, Sange ni wangu! Atanifagilia, ataniletea maji, atanikuna mgongo. Sange!"

"Labeka, bwana."

"Uko wapi?"

"Nipo hapa hapa, bwana."

Kiboko akageuka kushoto, weupe. Akageuka kulia, weupe. Akazunguka, di! di! di! "Mbona sikuoni?"

"Nipo karibu kabisa, bwana. Sijawahi kuwa karibu nawe kama sasa."

Na kweli. Alikuwa chini ya tumbo la Kiboko, katikati ya miguu minne, pua ameibana, moyo unampiga du-du-du, na kila Kiboko alipozunguka, Sange naye alizunguka. Ni mahali pale tu ambapo Kiboko hajawahi kupaona tangu azaliwe.

"Ngwaa! Mara ya tatu na ya mwisho: unaona nini?"

Kiboko akapumua: fuuu. "Naona ukungu tena."

"Basi na huo ni wako! Shauri limefungwa."

Msituni, wanyama walisikia. Hakuna aliyeshangilia kwa sauti, ila kwenye chemchemi ilisikika chururu moja, kisha nyingine, kwa zamu.

Mnadhani Kiboko alilia? Hakulia. Alikaa pale kwenye Jiwe la Juu, na ukungu ulikuwa baridi, na ngozi yake iliyokuwa imechomwa na jua siku nzima ikaanza kulainika. Aah. Akanyoosha shingo. Aah, hapa pia.

"Sange," alisema taratibu, "huu ukungu wangu ni mwingi?"

"Ni mwingi sana, bwana. Hakuna aliyewahi kuupima."

"Shemeji anao?"

"Hana hata kidogo."

Kiboko akatabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana, kama kungekuwa na wa kuyaona. Kisha Sange akamwongoza kushuka, polepole, jiwe kwa jiwe, akiimba ili asipotee, maana kiongozi hampotezi mgeni: *mwenye haraka apite, mwenye macho hutulia.*

Ndiyo maana hata leo, ukipita mtoni alfajiri, utaona ukungu umekaa juu ya maji, na katikati yake macho mawili na matundu mawili ya pua. Fuuu! Ni Kiboko huyo, anakagua mali yake. Na shemeji haruhusiwi kusogea.

Hadithi yangu nimeipandisha, nimeiteremsha, nimeitua hapa mkekani. Mwenye bega aichukue, aliyechoka aikalie.

Na funzo lake ni hili: wadogo hawana hila. Mtu mfupi akikwambia neno, mwamini bila kuuliza.

Unasemaje, Somoe? Sange ndiye mwenye hila kuliko wote? Hila gani? Niambie, ni wapi alipodanganya?

Mmeona! Mmenyamaza.

Mimi funzo hili nililipokea hivyo hivyo kutoka kwa bibi yangu, sikuongeza, sikupunguza. Naye, Mungu amrehemu, alikuwa ananifikia hapa kiunoni.