Suria Mteule wa Mfalme

Mpishi Guo ndiye aliyemwambia Suyin kwanza: kesho mfalme wa Uchina angemchukua awe suria wake. Suyin, msusi wa mama yake mfalme, alikuwa mchumba wa Tao, mtunza farasi.

"Ukikataa, shoga, utakatwa kichwa!"

"Nani anakataa? Ngoja kwanza nikamsuke bibi."

Alimsuka huku akilia. "Mtukufu, nikiondoka nani atakupenda kama binti?"

Ajuza yule, aliyezaa wavulana watupu, machozi yakamlengalenga. "Basi nipe chai kwa magoti, uniite mama!"

Kule, hivyo ndivyo mtu alivyofanywa mtoto wa kupanga. Suyin akapiga magoti, akampa chai mbele ya wajakazi wote.

Asubuhi alijipamba, akaingia kwa mfalme.

"Shikamoo, kaka. Mama anakusalimu, anauliza utaniozesha lini kwa Tao."