Chungu cha Mama Fisi Maji

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Na wewe unayebana pua, sogea pia.

Hapo zamani za kale, kando ya hori, mkono mdogo wa bahari, palikaa Mama Fisi Maji na watoto wake watatu. Kila masika maji ya hori hujaa tope, samaki hawaonekani. Kwa hiyo kila kiangazi alivua uduvi, wale kamba wadogo kama punje za mchele. Akautia chumvi, akaushindilia chunguni, akaufunika. Hicho ndicho chakula cha masika nzima.

Mwaka huo dada yake akajifungua. Mama Fisi Maji akamwita jirani, Bi Nguchiro.

"Shoga, nakwenda na wanangu kumtazama mzazi. Niangalizie chungu. Sina akiba nyingine."

"Nenda, mwenzangu. Chungu chako ni mwanangu."

Siku ya kwanza, kimya. Siku ya tatu, chungu kikasema bwobwobwo. Siku ya saba harufu ikatoka. Fuuu! Ikavuka ua, ikamkuta Bi Nguchiro anapepeta mtama. Moyo ukamlipuka. Uduvi wa jirani umeoza! Na aliyeachiwa ni yeye!

Akawaita Kanga na Kicheche. Kicheche mwenyewe hunuka, mnamjua. Lakini naye alibana pua.

"Hii imenizidi," akasema. "Na mimi si wa kushindwa ovyo."

"Tukitupe jaani?" akauliza Kanga.

"Jaani watakiona, watamcheka," akasema Bi Nguchiro. "Tumsitiri jirani. Tukizike."

Wakakivika majani ya mgomba. Moja, mawili, matatu, hata saba, kama sanda. Bi Nguchiro akakaza ugwe wa kufungia mwenyewe, machozi yakimtoka. Wakachimba. Wakafukia. Kanga akalia kidogo.

"Matanga siku ngapi?" akauliza Kicheche. "Na wali upo?"

Masika ikaanguka. Mama Fisi Maji akarudi, watoto wamelowa, matumbo matupu.

"Shoga, chungu kiko wapi?"

"Pole, mwenzangu. Tumekizika."

"Mmekizika?"

"Kwa heshima zote," akasema Kanga.

Mama Fisi Maji akaketi topeni, pwata!

"Mama, tutakula nini?" akauliza kitinda mimba.

Bi Nguchiro akatamani ardhi immeze. "Kilinuka, mwenzangu. Kilinuka vibaya!"

"Lazima kinuke! Uduvi ukiachwa hivi hivi huoza. Ukitiwa chumvi na kufunikwa, huchachuka. Ile bwobwobwo ni chumvi inapika bila moto. Lakini maji ya mvua yakiingia, basi tena."

Mbio! Wakachimba, chaka, chaka, chaka. Jani la kwanza, limelowa. La pili, limelowa. La tatu, la nne, la tano, chapachapa. La sita, unyevu. Bi Nguchiro akafumba macho.

La saba, kavu!

Mama Fisi Maji akautazama ule ugwe ulivyokazwa. Akamshika Bi Nguchiro mkono.

Uduvi ukatiwa tui la nazi, ndimu na pilipili. Ugali ukasongwa. Wakala wote. Kicheche akalamba vidole, akaguna, "Kumbe marehemu alikuwa mtamu hivi!"

Basi, wanangu, na nyinyi wazazi wao: usichokijua, kiulizie kabla hujakizika. Na ukimtendea jirani wema, utende kwa moyo wote, maana hata ukikosea, wema ule utamfaa.

Hadithi yangu imeishia hapo, na chungu tumekikomba.