Aliyesema Tofali ni Kavu

Hapo zamani, na msinitolee macho, si zamani za sungura kubishana na fisi, ni zamani za juzijuzi tu, alikuwepo mhadhiri wa hisabati tumizi, Dakta Kokushubira. Wengine wakitaka kujua tofali litabeba ukuta, hulipiga nyundo. Yeye alilipigia hesabu. Akafundisha darasa la asubuhi, akafundisha la mchana, akafundisha na lile la jioni ambalo wenzake walilikimbia. Walioingia chuoni nyuma yake wakaitwa Profesa, yeye akabaki Dakta. Aliowafundisha wakaitwa Profesa, yeye akabaki Dakta. Inauma, jamani, acheni tu.

Siku moja akapata kanuni ya tofali la udongo uliochanganywa na katani. Tofali rahisi, na linabeba kweli. Kanuni ilianza hivi: "Tuseme tofali ni kavu."

Sasa nisikilizeni. Mtu wa hesabu akisema tuseme, bado hajasema. Anaweka kando jambo gumu ili ashughulike na jingine, halafu atalirudia. Na Kokushubira alikusudia kulirudia. Tofali likilowa, je? Hiyo ndiyo ilikuwa nusu ya pili ya kazi yake.

Akaenda kwa mkuu wa kitivo, Profesa Shekalaghe.

"Profesa, nipumzishe kufundisha muhula mmoja tu, nimalize habari ya maji."

"Na wanafunzi nikawafundishe mimi?" mkuu akajibu. "Kanuni unayo. Itangazwe, chuo kipate jina, na wewe upate uprofesa wako. Au huutaki?"

Aliutaka. Wewe ungeukataa? Akarudi kusahihisha mitihani.

Akatumwa Lusekelo kuitangaza kanuni. Huyu alikuwa mwanafunzi wake, sasa mhadhiri kijana, mzaliwa wa Tukuyu. Na akatumwa huko huko kwao Tukuyu, ambako mvua ikianza watu husahau rangi ya jua, maana sekondari ya wasichana ilitaka bweni. Lusekelo akasimama mbele ya mafundi, akaandika ubaoni, akasema kwa sauti, "Tuseme tofali ni kavu."

Mafundi wakaitikia, "Haya, tuseme."

Wao walielewa nini? Walielewa kwamba mtaalamu kashalimaliza la maji huko alikotoka. Fundi mmoja tu alinyoosha mkono. "Mwalimu, na hizi mvua zetu?"

Lusekelo akatoka nje, akapiga simu. "Shikamoo Mwalimu. Wanauliza habari ya mvua. Niwaambie nini?"

Kokushubira alikuwa na rundo la mitihani mbele yake. "Marahaba mwanangu. Waambie wapige lipu vizuri. Hayo mengine yanakuja."

Lusekelo alijua lipu haitoshi. Kakulia kwenye mvua ile, angekosaje kujua? Lakini jina la mwalimu wake lilikuwa mbele ya kamati ya uprofesa, na mwalimu huyo ndiye aliyemfikisha alipofika. Akaona aibu kumwangusha. Akarudi ndani, akasema, "Pigeni lipu vizuri."

Bweni likajengwa. Mvua ikanyesha, ukuta ukanywa maji. Tumpe, binti wa Mzee Mwaipaja, alikuwa ameketi chini ya dirisha akimsuka mwenzake. Ukuta ukaanguka. Mwenzake akatolewa mzima. Tumpe akatolewa amekufa.

Chuo kikapeleka rambirambi. Mzee Mwaipaja akazikataa.

"Sitaki rambirambi, sitaki kesi," akasema. "Nataka mtu mmoja aje akae kwenye mkeka huu, aniambie: ni mimi niliyesema tofali ni kavu. Mmoja. Wakija kundi siwafungulii, kwa sababu wataanza kutazamana."

Ikawa kazi.

Kokushubira akasema, "Mimi sikusema. Niliandika tuseme. Niliomba muhula mmoja nikanyimwa. Nikienda kule, uprofesa ndiyo kwaheri, na nimeusubiri tangu nywele zangu nyeusi."

Lusekelo akasema, "Mimi sikusema. Nilirudia ya mwalimu wangu. Niliuliza, nikajibiwa lipu. Na kule ni kwetu. Nikisema ni mimi, mama yangu atakaa na nani kanisani?"

Profesa Shekalaghe akasema, "Mimi hata hiyo hesabu siijui! Nilipanga ratiba. Tangu lini ratiba ikaua mtu?"

Mnasikia? Watu wazima hao, tena wasomi! Kila mmoja ana neno, na kila neno ni la kweli, ndiyo maana nikiwakumbuka napandwa na hasira. Wangekuwa waongo ningewatukana nikalala.

Mwishowe wakapanda gari la chuo, wote watatu, mpaka Tukuyu. Gari likasimama mbele ya nyumba ya msiba. Mvua inanyesha. Hakuna aliyeshika mlango. Mzee Mwaipaja akasikia ngurumo ya injini, akasogeza mkeka kidogo kumpisha mgeni, akauliza kutoka ndani, "Nani huyo?"

Ndani ya gari wakatazamana.

Wewe, usiniambie wote watatu, mzee kashakataa. Wala usiniambie mvua, maana mvua haina mdomo wa kusema ni mimi. Mzee anangoja na mkeka uko wazi. Je, nani alistahili kushuka?