Neno Linalolala Chini ya Ukurasa

Hebu fumbeni macho, wanangu, mwone chumba cheupe chenye dirisha moja, katika mji wa Shirazi, huko Uajemi ya kale. Nje mvua inanyesha bila kupumzika. Ndani, karatasi zimeanikwa kwenye kamba kama nguo, na hakuna hata moja inayokauka.

Zamani hizo vitabu vyote viliandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya mwanzi. Kila ukurasa ulizungushiwa mstari wa dhahabu, na maneno yote yalikaa ndani ya mstari huo. Nje yake palibaki peupe. Mwandishi aliyeweka hata nukta huko alihesabiwa kuwa ameharibu ukurasa mzima.

Mahbanu aliyajua hayo tangu utotoni, kwani alifundishwa na baba yake, Ustadhi Kaivani. Msimu ule alikuwa akinakili kitabu cha hadithi za maadili. Akafika pale mateka alipoletwa mbele ya mfalme, akapiga magoti. Ukurasa ukajaa hapo hapo, kwenye maneno haya: "Mfalme akawaambia watu wake, Chinjeni".

Neno lililofuata lilikuwa la karatasi nyingine. Lakini karatasi hiyo ilikuwa imepakwa uji wa wanga, na ilipaswa kukauka kabisa, kisha isuguliwe kwa jiwe ili kalamu iteleze. Mahbanu akaosha kalamu yake, akaenda kula.

Aliporudi alisikia chuma kikinolewa. Shwaa. Kimya. Shwaa.

"Baba, nani ananoa kisu?"

"Atakuwa mnoa visu wa sokoni," alisema mzee. "Mvua imemkosesha wateja, sasa anajinolea mwenyewe."

Kesho yake sauti ilikuwa imesogea. Haikutoka sokoni tena, ilikuwa humo humo chumbani. Mahbanu akauinamia ukurasa, akagundua kwamba chuma kilinolewa chini ya wino. Herufi ya mwisho, ambayo aliiandika ikiwa imelala, sasa ilisimama kama upanga ulioinuliwa.

Kisha akasikia mtu akipumua.

"Bibi," ilisema sauti nyembamba, "magoti yananiuma. Mfalme amenyamaza, na huyu mwenye upanga amechoka kungoja. Neno lililobaki ni lipi?"

Mahbanu alilitamka neno lile, akalirudia kwa sauti kubwa, lakini mateka hakusikia. Aliko yeye, kilichofika ni wino tu. Mahbanu akaikimbilia kamba na kuishika karatasi. Bado ilikuwa mbichi. Nyuma yake, kunoa kukakoma, na kimya hicho kilimtisha kuliko ile sauti. Akachukua kalamu.

"Usithubutu, mwanangu!" baba yake alimaka. "Nje ya mstari? Kazi ya miezi yote hii! Mji mzima utatucheka."

"Na wacheke, Baba. Huyu ana shingo moja tu."

Akaandika neno moja chini kabisa, nje ya dhahabu, kwa herufi ndogo zilizolala upande kwa sababu ya haraka: kondoo.

Kitu kizito kikawekwa chini. Mtu akacheka huku akilia. Baadaye kidogo chumba kikajaa harufu ya nyama ya kuchoma, ingawa jikoni hapakuwa na moto. Maana hadithi ilisema hivi: "Chinjeni kondoo, tule na mgeni wetu."

Ustadhi Kaivani aliunusa ule ukurasa. Kisha akakifungua kitabu alichokuwa akinakili yeye mwenyewe, akaanza kuandika neno dogo chini ya ukurasa mmoja, na mwingine, na mwingine.

Na tangu siku hiyo, waandishi wa Uajemi huandika chini ya ukurasa, nje ya mstari, neno litakaloanza ukurasa unaofuata, nalo hulala upande. Watu husema linawasaidia washonaji wa vitabu wasichanganye karatasi, na ni kweli. Lakini ninyi, wanangu, mkifika mwisho wa ukurasa na mtu yumo hatarini, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: msikifunge kitabu hapo. Geuzeni kwanza.